Santuri ya Dimanshi

Papa Hugues alipokuja kwangu mara ya kwanza, alitaka kununua kitu ambacho tayari alikuwa nacho nyumbani.

Mimi ninauza vitu vilivyokwisha kutumika hapa Nyawera, karibu na pale wanapopanga pikipiki zao wenye kubeba abiria. Watu wakihama, wakifa au wakigombana, vitu vyao hupitia mikononi mwangu: redio, feni, vitanda vya chuma, cherehani, vyombo vya mapadri waliorudi kwao Ulaya. Ukoo wetu ni wa Uvira, na kabla ya Uvira ni wa pwani, na nimelelewa nikijua kwamba mteja huanza na uongo, ukweli huja baadaye. Kwa hiyo mwanamume mrefu aliyevaa koti la mvua siku ya jua kali aliponiambia kwamba santuri anayoitafuta anayo, nilifikiri ametumwa na wezi aje kuchungulia.

"Sasa kama uko nayo, unatafuta nini hapa?" nikamuuliza.

"Ninatafuta ile ile, Maman. Lakini ya mutu mwengine."

"Mutu gani?"

"Mwenye kuipiga. Wimbo ni moja. Mwenye kuipiga njo tofauti."

"Mi siuzake mara mbili kitu moja kwa mutu moja. Wataniita mwizi."

Akanitazama kama mwalimu anayetafuta mfano. "Maman, sombe ya mama yako na sombe ya bibi ya kaka yako, si ni majani ya muhogo yote? Unakulaka yote na furaha moja?"

"Ya bibi ya kaka yangu siigusi."

"Basi umenisikia."

Wakati wote huo hakusimama mahali pamoja. Aliinua feni, akairudisha, akapuliza vumbi juu ya redio, akachungulia nyuma yangu, akatoka nje, akarudi. Hatimaye akapiga magoti mbele ya sanduku moja la santuri nilizozitoa kwenye nyumba ya mzungu wa mashamba ya chai, akazipekua mpaka akapata yenye jalada la kijani. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamke anayepiga violonseli, lile zeze kubwa linaloshikwa katikati ya magoti. Papa Hugues akaikumbatia kifuani kabla hajaniuliza bei. Anayenunua namna hiyo mimi simsaidii. Nilipandisha bei palepale, akalipa.

Kesho yake nikamwona anakuja tena, nikatayarisha mdomo wa kukataa kurudisha pesa. Kumbe alikuja kunipa habari.

"Maman Nyota, yule maman anaenda polepole sana. Muzuri sana. Ule mwengine nilikuwa naye, anaenda tu."

"Papa Hugues, mi ninauza. Kusikiliza ni kazi ya mwenye kununua."

Hakukasirika. Tangu siku hiyo alikuwa mteja wangu, kila mara kwa shida ile ile: wimbo anao, anataka wa mtu mwingine. Vijana wa pikipiki wakampa jina, Papa Ile-Ile. Wakimwona anashuka kutoka Kadutu na koti lake, wanaanza: "Papa Ile-Ile, leo umekosa nini chenye uko nacho?" Naye anawapungia mkono bila kupunguza mwendo.

Mwendo ndio uliokuwa kazi yake maishani. Alikuwa akibeba chanjo kwa pikipiki, sanduku la barafu limefungwa nyuma, kutoka mjini mpaka vituo vya afya vya Bunyakiri, kisha kuteremka mpaka bonde la Ruzizi. Barafu haingoji, kwa hiyo naye hakungoja mtu. Alikula amesimama. Mke wake, Maman Anne-Marie, anasema hata harusini kwao alimaliza kucheza kabla ya wimbo kwisha. Siku moja mvua ilimfungia Luvungi, kwa padri mmoja mzee aliyekuwa na gramafoni, na padri akampigia santuri ili aache kwenda mlangoni kutazama mawingu. Baada ya hapo, kila akiteremka bondeni alipita kwa padri huyo. Padri aliporudi kwao akamwachia gramafoni, bafle zake mbili, yaani spika, na ile santuri, yenye picha ya mzee mwenye upara na zeze lake. Nyuma ya jalada aliandika kwa kalamu: *Kwa Hugues, mtu wa mbio.*

Sasa chanjo wanabeba wengine, mgongo wa Papa Hugues umekataa pikipiki, lakini ile mbio haikujua pa kwenda. Ikabaki ndani ya mwili, ikimwinua kila akikaa.

Nilikwenda kwake nikiwa nimesikia kwamba sebuleni ana kabati zuri la mbao ngumu. Yeye alidhani nimekuja kusikiliza. Kwao ni juu mlimani, nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kimejaa santuri mpaka dirishani. Ilikuwa jioni, harufu ya samaki inatoka jikoni, na yule mwanamke wa jalada la kijani anazunguka kwenye gramafoni. Papa Hugues alisogeza bafle moja, akakaa. Akainuka, akairudisha. Akafungua dirisha, akalifunga, akasimama mlangoni, akasimama ukutani.

"Unaona?" Maman Anne-Marie akaniambia akiwa na mwiko mkononi. "Ye anasikilizaka na miguu."

"Nyamaza kidogo," Papa Hugues akasema. "Leo maman iko na huzuni. Unamusikia? Juzi hakukuwa vile. Leo anavuta sana."

"Papa Hugues, maman iko ndani ya disiki," nikasema. "Hana juzi, hana leo."

"Weye husikie, Maman Nyota. Mutu muzuri habakie mumoja."

Nikauliza kama na yule mwenye upara anabadilika hivyo. Akasema hapana, yule yuko vilevile daima. Nikamwambia ampige basi, nilinganishe na mimi. Wote wawili, mume na mke, wakanitazama kama nimeomba kuketi juu ya altare.

"Leo ni maridi," akasema Maman Anne-Marie, maana ilikuwa Jumanne. "Ile ni ya dimanshi."

Nikaelewa. Kila nyumba ya mji huu ina vitu vya Jumapili: viatu, kitambaa cha meza, sahani za kauri zisizoguswa siku za kazi. Santuri ya padri ilikuwa imewekwa katika hesabu hiyo. Ilitoka kabatini Jumapili tu, baada ya misa ya kwanza, kabla nguo nzuri hazijavuliwa. Ya kijani, aliyoinunua mwenyewe sokoni, ilikuwa ya siku za kazi, jioni, wakati chakula kinapikwa. Niliona ni ujinga wao, nikaangalia kabati.

Kabati lile nililipata kwa sababu ya binti yao. Ornella aliolewa Bunyakiri, na huko maisha yalipokuwa ya kulala na viatu miguuni, tayari kukimbia, mume wake akabaki kulinda nyumba na yeye akatuma neno kwamba anarudi kwa wazazi na watoto. Chumba cha santuri kilitakiwa. Maman Anne-Marie hakupiga kelele. Alitoa amri moja: kila wimbo disiki moja tu. Zinazobaki, ziende kwa Maman Nyota.

Papa Hugues alizileta moja moja, kama mtu anayepeleka mbuzi kwa mchinjaji anayemfahamu. Hii imeshindwa na ile. Hii ina kelele nyingi. Hii wanaharakisha mwisho kama watu walioacha sufuria motoni. Nyingine aliamua upesi, mpaka zikabaki mbili: mwanamke wa kijani na mwenye upara, wimbo mmoja. Hapo akakwama. Alishuka Nyawera kila siku, akazunguka stendi, akapanda.

"Chagua basi," nikamwambia. "Batoto wa Ornella wako njiani."

"Maman Nyota, zingine zote ni za kusikiliza. Hii moja njo nitazeeka nayo. Sitaki kukosea."

"Unaangalia nini ndani yake?"

"Polepole. Mbio nimekimbia ya kutosha. Ninataka mwenye kunionyesha namna ya kukawia."

Juma lile akaamua. Maman wa kijani abaki, padri atamsamehe. Na kwa kuwa watoto walikuwa wanakuja, na umeme wa mlimani kwao ni wa kubahatisha, walitaka taa. Tukabadilishana. Mimi nilitoa paneli ya jua, batri yake na kikasha cha kutengenezea umeme sawasawa. Wao wakatoa masanduku ya santuri, mwenye upara akiwa juu kabisa, pamoja na kabati. Mtu asije kufikiri nilitoa batri kwa ajili ya santuri. Nilitoa kwa ajili ya kabati.

Santuri nilishajua pa kuzipeleka. Maman Emmanuella ana nyumba ya wageni kando ya ziwa, na alitaka kupamba ukuta wa chumba cha kulia kwa majalada ya zamani. Muziki wenyewe haukumhusu. Nikampakilia kijana wa pikipiki mzigo, kisha nikampigia simu Almasi, mpishi wa pale, nikamwambia: majalada ni ya fundi wa ukutani, sahani zenyewe azitoe aziweke vizuri pembeni. Kwetu Uvira tunasema hivyo, sahani ya santuri. Haukuwa uongo wala siri. Nilisema nilivyofundishwa kusema.

Haukupita muda, Papa Hugues akaja dukani na akasimama. Hicho ndicho kilichonitisha. Alisimama mbele yangu, mikono chini, hagusi feni wala redio.

"Maman Nyota. Maman wa kijani iko anakimbia."

"Anakimbia wapi?"

"Kwa disiki. Tangu tuunganishe mashine kwa batri. Asubuhi anakimbia, mangaribi anakimbia. Na sauti imepanda kama ya musichana. Nimesafisha sindano, nimegeuza disiki. Anakimbia kupita ule wa padri."

Mimi nimeuza mashine nyingi za kuzunguka, na akili yangu ilifika kabla yake. Nikamuuliza: maman wa kijani, zamani, ulikuwa unamsikiliza saa ngapi? Jioni. Na yule wa padri? Dimanshi, baada ya misa. Nikacheka mpaka nikashika meza.

Nikamweleza. Mota ya gramafoni yake ni ya bei rahisi, inafuata umeme unaoipata. Jioni mlima mzima unawasha resho, majiko yao ya umeme, kuran, yaani nguvu ya umeme, inashuka, taa zinakuwa nyekundu kama macho ya mlevi, na mota inajivuta. Jumapili baada ya misa wachomeaji vyuma wamefunga, mchele bado haujainjikwa, kuran iko juu. Mwenye upara alikuwa akipimwa kwa mizani nzima, mwanamke wa kijani kwa mizani iliyochoka. Sasa batri haichoki, ndiyo maana naye anakimbia. Ile polepole ilikuwa ya mtaa. Na ile huzuni ya siku nyingine, ilikuwa siku majirani wana maharage motoni.

Akakaa juu ya sanduku. Akainuka.

"Kwa hiyo mwenye kukawia kweli..."

"Ni yule umenipa."

"Nirudishie."

"Nimeuza."

"Chukua batri yako."

Hakujua kwamba mke wake yuko nyuma yake. Alikuwa ametoka sokoni na kikapu cha ndizi.

"Batri gani?" Maman Anne-Marie akauliza kwa upole. "Ile ambayo Ornella anachajia simu za kartie yote? Ile batoto wanasomea? Itoe, Papa. Lakini siku unaitoa, toka nayo, weye na bibi yako wa kijani."

Vijana wa pikipiki walifurahi. Mmoja akasema, "Papa Ile-Ile, leo umekosa chenye hauko nacho," na hata Papa Hugues aliona kwamba hilo lilikuwa sahihi.

Nikafikiri haraka. Kulikuwa na mhubiri anayenisumbua kila siku kwa bafle moja yenye nguvu, ya kuhubiria kwenye njia panda. Nikamwambia Papa Hugues: nipe bafle moja, mimi nitakwenda na wewe kwa Maman Emmanuella. Akasema zimezaliwa pamoja, hazitenganishwi.

"Zeze ni ngapi?" nikamuuliza.

"Moja."

"Basi bafle moja inatosha."

Njiani kuelekea ziwani nilimfundisha. Mikono nyuma. Usiangalie ukuta. Usiseme padri. Mimi ndiye nitaongea, na ukisikia nasema ile disiki ni takataka, kubali kwa kichwa. Akaahidi. Tulipoingia chumba cha kulia akaenda moja kwa moja ukutani, akaweka pua juu ya kioo, mbele ya mwenye upara.

Maman Emmanuella ni mwanamke aliyeanza kwa kuuza chapati, kwa hiyo tunafahamiana vizuri na hatupendani sana. Akamtazama Papa Hugues, akanitazama mimi, akavuta kiti.

"Wageni wanamupenda sana huyo muzee," akasema. "Wanasema anafanana na balozi."

"Balozi abaki ukutani," nikasema. "Sisi tunaomba ile sahani iliyokuwa ndani. Kwako haina kazi."

"Kama haina kazi, juu ya nini mumepanda pikipiki mubili kuifuata?"

"Tulikuwa tunapita."

"Huku ni mwisho wa barabara, Nyota. Mbele ni maji."

Nikasema ni takataka. Papa Hugues akatikisa kichwa kukataa. Maman Emmanuella akatabasamu na kuanza kueleza kwamba kioo kikubwa kilichoko dukani kwangu kingekaa vizuri hapa karibu na mlango. Nilikuwa bado napigania kioo changu alipomwita Almasi atuletee hizo sahani tuzione.

"Sahani?" Almasi akasema. "Ziko na sahani zingine."

Tukamfuata jikoni. Santuri zote zilikuwa mezani na kwenye rafu, kila moja imebeba kitu: sukari, termosi, sufuria iliyopoa. Mwenye upara alikuwa chini ya termosi kubwa ya chai, ile inayosogezwa huku na huko asubuhi nzima, juu ya mawe ya chumvi yaliyomwagika.

"Weye njo ulisema niweke sahani pembeni," Almasi akaniambia. "Nikasema bazungu nao, sahani gani hizi na kitobo katikati? Mchuzi utapita."

Papa Hugues aliiinua termosi mwenyewe, akaipangusa santuri kwa shati lake, akaipeleka dirishani. Upande wa chini ulikuwa umechorwa kama njia za panya. Upande wa juu, termosi ilikuwa na mpira kitako, ukaacha doa la chai na si zaidi.

Mimi hapo niliona mlango. Nikakunja uso, nikamwambia Maman Emmanuella kwamba kitu nilichomletea kizima amekiharibu, na kwamba kioo sasa tusikitaje tena, labda yeye ndiye atafute cha kunipa mimi. Tulivutana. Mwisho alitoa ile santuri bure, nami nikaahidi kumtafutia majalada mengine matupu. Papa Hugues akaomba na jalada, kwa sababu ya maandishi ya padri nyuma yake. Lakini fundi alikuwa amelipaka gundi likashikana na ubao, ungelitoa lingechanika. Alisimama kidogo mbele ya kioo, akijaribu kuchungulia ubavuni, kama vile maandishi yangeweza kuonekana kwa upande.

"Twende," nikamwambia. "Maandishi hayapigwi kwa mashine."

Nilipanda naye mpaka kwao, maana bafle yangu ilikuwa huko. Pale kabati lilipokuwa, watoto wa Ornella walikuwa wametandika mkeka. Simu za mtaa zilikuwa zimejipanga kwenye batri na waya zao. Papa Hugues akaweka upande wa pili wa santuri, upande mzima. Mwenye upara akaanza. Hata mimi niliona: alikuwa hana haraka, anavuta kamba moja mpaka unafikiri amesahau iliyobaki, halafu anaikumbuka. Ornella alikuwa anasuka nywele za mtoto, akaendelea. Maman Anne-Marie akaja mlangoni, akasikiliza, akasema, "Leo si dimanshi," lakini hakuzima.

Nilidhani sasa atatulia. Nusu ya wimbo anayo, nusu aliyoitaka. Kabla haujaisha akainuka, akatoa sindano, akaweka maman wa kijani kwenye batri: mbio. Kisha, kwa kuwa jioni ilikuwa inaingia na harufu ya resho za majirani inapanda, akachomoa waya wa mashine kutoka kwenye batri, akauchomeka kwenye umeme wa mtaa. Taa ya barazani ilikuwa nyekundu. Maman wa kijani akashuka sauti, akaanza kujivuta, akawa na huzuni.

"Huyu naye nilimupenda," Papa Hugues akasema, na akachomoa tena, akarudisha mwenye upara.

"Yesu," akasema Maman Anne-Marie. "Tulikuwa na bawili. Sasa iko batatu."

Nilijitwika bafle yangu nikashuka. Mhubiri aliichukua siku ileile na kabati lilipata mwenyewe kabla ya mwisho wa juma. Papa Hugues ana nusu ya santuri ya padri, bafle moja, na watu watatu wa kulinganisha badala ya wawili. Hajui bado atazeeka na yupi.

Mimi kilichonipotea ni jioni zangu. Zamani, kuran ikishuka, hata mashine yenye mbio mbaya ilisikika tulivu, nami niliweza kuuza yoyote ya kuzunguka kwa mtu anayetoka kazini akiwa na haraka. Sasa saa ile ile Papa Hugues anakuwa ameshuka Nyawera. Anasimama mlangoni na koti lake, anasikiliza mashine niliyomwashia mteja, halafu anatikisa kichwa na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye pikipiki:

"Maman Nyota, si mbio yake hiyo. Mwambie arudi dimanshi."